Jembe, Paka, Barua

Nianze na upumbavu wangu, maana wapo watakaousema nisipousema mwenyewe: niliiba mtihani. Haukuwa mtihani wa Hisabati. Ule wa Hisabati tuliuiba darasa zima na bado tukafeli. Niliiba mtihani wa ubongo wa kaka yangu. Niliuiba swali kwa swali kupitia ukuta wa silingi bodi, nikauandika kwenye paja langu kwa kalamu ya bluu, nikaenda nyumbani nikamfundisha majibu mpaka akayajua kuliko jina lake. Kuliko jina lake, narudia, na wala sipambi maneno. Mtaona.

Sasa niko kidato cha nne, nina miaka kumi na minane, na najua huo si umri wa kuandika kumbukumbu. Kumbukumbu huandikwa na wazee wenye miwani ya kusomea, ambao nusu wameisahau na nusu nyingine wanaitunga. Lakini mwezi uliopita tulikwenda Nalasi, kule Tunduru, kumzika Mwalimu Mbwana aliyekuwa akimfundisha kaka ngumi, na tangu turudi nimekuwa nikishtuka hata kijiko kikianguka. Pale msibani ndugu zake walikaa jamvini wakasema marehemu alirogwa kwa ajili ya mikorosho. Mmoja akakataa, akasema si uchawi, ni pombe za Songea. Mimi ambaye shuleni naitwa Redio Mbao kwa sababu sizimiki, nilizimika. Mwalimu Mbwana hakuonja pombe maisha yake yote. Mikono ilimtetemeka na ulimi wake uliburuta miguu, kama ulimi ungekuwa na miguu, kwa sababu ya ngumi alizokula kichwani ujanani alipokuwa jeshini. Nililijua hilo kwa sababu daktari mmoja alilisema mbele yangu, mwaka ule niliokuwa kidato cha pili, mwaka ambao nimejaribu kuufanyia mzaha mara nyingi na kila mara mzaha unanigomea.

Tulikaa Lizaboni, mtaa wa Songea, vyumba viwili na jiko la uani. Chumba kimoja cha Mama, kingine changu na kaka Longinus, na katikati ukuta wa tofali za udongo ambao fundi aliuachia njiani, haukufika juu, kwa hiyo mtu akipiga chafya huku, kule wanamwambia pole. Kaka alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye ghala, kama walivyopunguzwa wenzake wengi miaka ile ambayo redio ilikuwa ikisema uchumi unafunguliwa, nasi tukaona milango ikifungwa. Si kwamba hakukuwa na vitu. Vitu vilijaa: sabuni za rangi, mitumba ya kila aina, video kwenye mabanda. Kaka alikuwa bingwa wa ridhaa wa mkoa, zawadi yake blanketi na kupewa mkono. Ndipo akaja promota kutoka Dar es Salaam, amevaa koti la ngozi katika jua la saa saba, akasema ngumi sasa ni za kulipwa, akaandaa pambano la Songea na Mbeya, na atakayempendeza atakwenda naye mjini. Kaka alilikunja tangazo lile akaliweka ndani ya Biblia ya Mama, kwenye Zaburi. Usiku na mchana alikuwa na jambo hilo moja tu.

Tatizo ni kwamba mwezi mmoja kabla ya promota kuja, kaka alianguka. Mama alikuwa amekwenda jumuiya. Tulikuwa jikoni, mimi nachambua usipa, hao dagaa wa Nyasa, yeye anasonga ugali, maana alikuwa akisema kusonga ugali ni mazoezi ya bega. Nilikuwa nasimulia jinsi mwalimu wetu wa Jiografia anavyotafuta chaki iliyo sikioni mwake. Kaka hakucheka. Nikatazama, nikaona ameshika mwiko anaangalia ukuta kama mtu anayeitwa na ukuta. Halafu akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza, akaenda chini kwa ubavu, mwili mzima ukakakamaa, kisha ukaanza kujirusharusha. Povu likamtoka. Mkono wake wa kushoto uliingia kwenye majivu ya moto, pembeni ya figa. Nami nilifanya nini? Nilipanda juu ya kinu. Nilisimama juu ya kinu kama kuku, nikaangalia mkono wa kaka yangu ukiungua, kwa sababu tangu utotoni tuliambiwa povu la kifafa likikugusa nawe unakipata. Mkono ulijitoa wenyewe kwa ile mirusho. Alipoamka aliniuliza kwa nini nimekaa juu ya kinu. Nilipomwambia, alilitazama lengelenge, kisha akasema, “Festo, hilo neno usilitamke tena humu ndani. Nimeteleza. Umesikia? Ugali ulikuwa mzito, nimeteleza.”

“Umeteleza,” nikasema.

“Mama akiuliza mkono?”

“Sufuria.”

Mara ya pili ilikuwa asubuhi, barabara ya kupanda Matogoro. Yeye alikuwa akikimbia, nami nikimfuata kwa baiskeli ya kuazima nikimwimbia nyimbo za matusi ili akaze mwendo. Akaanguka kando ya barabara, kwenye nyasi zenye umande. Safari hii hapakuwa na moto, kulikuwa na aibu tu. Wakaja akina mama watatu na kuni zao kichwani, mmoja akauliza, “Huyo ana nini?” Nami nikajibu upesi, kwa ulimi wangu huu, “Amelewa, shikamooni.” Wakaitikia, wakasonya, wakapita. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa barabara, kama si wangu.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuyaona mambo. Akitia chumvi kwenye mboga, baada ya muda anatia tena. Ananiuliza nimefunga mlango, najibu nimefunga, ananiuliza nimefunga mlango. Ananiita kwa jina la rafiki yake wa zamani, halafu anakasirika mimi nisipoitika. Nikawa naogopa kulala naye chumba kimoja, na naogopa kuhama, maana nikihama nitaulizwa sababu. Nikawa naogopa hata kula naye sahani moja, nikijifanya nimeshiba. Jambo pekee lililonipa wivu wa kawaida wa ndugu ni kwamba Mama alikuwa amempa kaka kikombe chake cha peke yake, cha bati jeupe, mdomo wa bluu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukitumia. Tena alikuwa amekataza Longinus asitumwe kisimani, nikawa nachota mimi, na kile kigoda chake cha karibu na jiko alikihamishia mlangoni. Nikamwambia Mama, “Bingwa siku hizi hachoti maji, anaoga umaarufu.” Mama akasema, “Chota maji, Festo.” Basi.

Promota alitangaza kuwa bondia wa kulipwa lazima awe na leseni, na leseni lazima iwe na saini ya daktari. Mwalimu Mbwana alicheka alipoisikia. Alikuwa ameketi kwenye tairi uani kwetu, anafunga bandeji mikononi mwa kaka, na vidole vyake vikitetemeka kiasi kwamba kaka ndiye aliyekuwa akiipeleka mikono kwenye bandeji. “Sisi zamani,” akasema kwa ule ulimi wake wa kuburuta, “tulikuwa tunapimwa kwa swali moja. Umekula? Ukisema ndiyo, unapanda. Ukisema bado, unapewa ndizi, unapanda.” Kaka alicheka pia, lakini aliponigeukia nikaona macho yake. Jioni ile akaniambia, “Wewe si ndiye fundi wa mitihani? Nitafutie huo.”

Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo. Naomba msome hapo polepole, kwa sababu watu huniuliza ilikuwaje nikakubali na mimi nimeona mkono ukiungua. Ilikuwa hivyo. Aliniita fundi.

Mabondia wawili wa mtaa wa Msamala walipangiwa kupimwa Jumatano, kaka Jumatano ya wiki iliyofuata. Mpimaji alikuwa Daktari Koku, mama mmoja mrefu wa Bukoba aliyeletwa kwetu kwa uhamisho kama walimu wetu wote, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Chumba chake kilitenganishwa na cha sindano kwa silingi bodi. Kwa hiyo Jumatano ile nilitoroka shule, nikajikunyata kwenye benchi la chumba cha sindano, nikasema nina malaria. Nilitetemeka vizuri sana. Upande wa pili nikamsikia bondia wa kwanza.

“Simama mguu mmoja. Fumba macho.”

“Nikianguka, daktari?”

“Ndiyo maana nipo. Haya, nakupa maneno matatu, uyashike, nitakuuliza baadaye: jembe, paka, barua.”

Kisha gusa pua yako, gusa kidole changu. Taja siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Kichwa kinakuuma? Umewahi kuanguka ukapoteza fahamu? Umewahi kushikwa na degedege au kifafa? Nyumbani wanasema umebadilika? Haya, yale maneno matatu. Akaja bondia wa pili, na kumbe daktari naye alikuwa kama mwalimu wetu wa Siasa, mtihani ni uleule, maneno yaleyale, jembe, paka, barua. Mimi huku nimepandisha kaptula naandika pajani. Sasa kosa langu lilikuwa kuigiza vizuri mno. Nesi akaja na bomba la sindano, akasema lala. Nikamwambia naona nimepona. Akasema lala. Alipovuta kaptula akasoma paja langu.

“Hii nini?”

“Kiswahili, nesi. Tuna jaribio.”

“Insha ya jembe na paka?”

“Ya ushairi.”

Nilidungwa klorokwini kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, nikajikuna siku mbili kama mbwa wa sokoni. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu, na kwamba imeisha.

Tulisoma wiki nzima, kila alasiri nikitoka shule, chumbani, sauti chini. Siku za kurudi nyuma zilikataa kabisa. Alikuwa anafika Ijumaa, anageuka, anaenda mbele kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Nikabuni ufundi: tukatoka uani, nikampa kamba ya kuruka, kila ruko siku moja. Jumapili, ruka. Jumamosi, ruka. Ijumaa, ruka. Mwili ukashika kile ambacho kichwa kilikataa. Maneno matatu nilimtengenezea picha, kama tunavyokariri Historia: jembe limemkosa paka, paka amekalia barua. Nikamwacha dakika tano nikamuuliza. Akasema, “Jembe... paka...” akatazama mlango. “Festo, tumekula?” Tulikuwa tumekula. Harufu ya usipa ilikuwa bado vidoleni mwake. Hapo ndipo woga uliponishika, si ule wa povu, mwingine, wa ndani zaidi, wa mtu anayegundua kwamba mtihani anaouiba ni wa haki. Lakini nikamwambia, “Bado, kaka, rudia.” Akarudia. Akarudia mpaka siku ya Jumatatu, akawa ananijibu kabla sijauliza. Kwenye swali la kichwa kuuma nilimwongezea na kachumbari yangu mwenyewe: asijibu hapana, hapana ni jibu la mwongo, ajibu, “Kikiuma ni cha njaa, daktari.” Nilijivunia sana hilo.

Mwalimu Mbwana alitukuta siku moja na ile kamba. Akasimama anasikiliza. “Mbona mnahesabu siku kinyumenyume?”

“Mazoezi ya pumzi, Mwalimu,” nikasema.

“Siku zinakwenda mbele, mwanangu.” Akakaa kwenye tairi. Nikapata ujasiri wa nusu, nikamuuliza, kama utani, je, bondia akianguka hata bila kupigwa, inakuwaje? “Mimi niliwahi kupigwa kambini, raundi ya pili,” akasema. “Nikazinduka kitandani, wenzangu wananipongeza, wananiambia nimeshinda raundi ya sita. Wallahi, mpaka leo huo ushindi siukumbuki. Nimesimuliwa tu.” Akataka kujifuta jasho, mkono ukapita usoni ukakosa paji.

Jumatano ikafika. Tulikwenda watatu, na daktari akaturuhusu mimi na Mwalimu tukae kwenye benchi humohumo ndani. Kaka alifaulu. Sijawahi kuona mtu anafaulu hivyo. Kwa mguu mmoja aliyumba, nikakohoa, daktari akanitazama, kaka akajiweka sawa. Siku za kurudi nyuma alizitoa huku visigino vikinyanyuka kidogo kidogo sakafuni, ruka, ruka, mimi peke yangu nikijua kwa nini. Umewahi kuanguka? Hapana, daktari. Kichwa? “Kikiuma ni cha njaa, daktari.” Daktari Koku akacheka kweli, akatikisa kichwa, na mimi nikaona jinsi mzaha unavyoweza kumfunga mtu macho. Kisha akauona mkono wa Mwalimu Mbwana magotini.

“Baba, shikamoo. Hebu gusa pua yako.”

“Marahaba. Mimi sipigani, daktari.”

“Ulipigana.”

Mwalimu akainua kidole taratibu, kikaenda, kikatua shavuni. Akacheka yeye. Hakuna mwingine aliyecheka. Daktari akasema, kwa sauti ile ya chini, kwamba ngumi ya mkononi inaota sugu lakini ubongo hauoti sugu, kila kipigo unakipokea kama cha kwanza, na haya anayoyaona mikononi mwa baba si uzee wala si pombe. Akaweka saini kwenye fomu ya kaka. Akamwambia, “Nitakuwepo ulingoni. Nikiona jambo nitakuuliza tena.” Kaka akasema asante. Njiani alinibeba mgongoni kama mtoto, kutoka pale hospitali mpaka kona ya kwenda kwetu, mbele ya watu. Nilikuwa nacheka.

Siku zilizobaki nilikwenda hospitali mara mbili nikarudia getini. Katika kitabu cha Biolojia kulikuwa na mchoro wa ubongo, nikautazama mpaka nikauona umefanana na kiganja kilichokunjwa. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake kaka akanipa fulana yake ya mazoezi, akasema akienda Dar es Salaam ataniletea viatu vyenye kamba za rangi mbili. Nikajiambia nitasema keshokutwa, na keshokutwa ilikuwa Jumapili yenyewe ya pambano.

Ukumbi ulijaa baada ya misa ya pili. Bati lilikuwa likiwaka juu yetu, watu wamekaa mpaka madirishani. Mama hakuja. Alisema kichwa kinamuuma. Bondia wa Mbeya alikuwa mfupi, anatumia mkono wa kushoto, uso mpole kama katekista. Raundi mbili za kwanza kaka alimtembeza, na mimi nikapiga kelele nikasahau yote. Raundi ya tatu yule mfupi alianza kumgusa, ngumi ndogo ndogo, zote kichwani, kama mtu anayegonga mlango akijua wenyeji wamo. Raundi ya nne ikaja moja ya upande. Kaka alikaa chini. Alikaa tu, kistaarabu, miguu mbele, kama anasubiri chakula. Refa akahesabu, kaka akasimama kwenye nane, na ukumbi ukanguruma. Daktari Koku akavua viatu, akapanda ulingoni pekupeku.

Nilikuwa mstari wa kwanza, nilisikia kila kitu. Akamshika taya. “Unaitwa nani?”

Kaka akamtazama vizuri, kwa heshima, kama nilivyomfundisha. “Jembe, paka, barua, daktari.”

Ukumbi ukacheka.

“Hapa tuko wapi?”

“Kikiuma ni cha njaa.”

Watu wakaanguka kwenye mabenchi. Nyuma yangu mtu akasema huyu jamaa ni mtani hata akipigwa. Nimechekesha watu maisha yangu yote, nimechekesha mpaka paroko kwenye kipaimara, lakini kicheko kile, kwa maneno yangu mwenyewe, yakitoka kwenye mdomo ule, kilikuwa kama maji ya baridi yanayomiminwa mgongoni.

“Leo ni siku gani?”

“Jumapili,” kaka akasema. Kidogo nipumue. “Jumamosi. Ijumaa. Alhamisi.” Na kwa kila siku alikuwa akiruka, miguu pamoja, mikono yenye glavu ikizungusha kamba isiyokuwepo. Jumatano, ruka. Jumanne, ruka. Alipofika Jumatatu akaanza tena Jumapili. Kicheko kikapungua sehemu sehemu, kama mvua inayokatika, mpaka zikabaki sauti mbili tu, ya kaka na ya mbao za ulingo. Daktari akageuka. Alinitafuta kwenye mstari wa kwanza, akanipata. Sikuhitaji kuandikiwa barua.

Akapunga mkono kwamba pambano limekwisha. Promota akakimbilia kamba. “Daktari, huyo anatania, mji mzima unajua nyumba ile ni ya utani.”

“Huyu hatanii,” akasema.

Kule nyuma, kwenye stoo ya viti walikobadilishia nguo, kaka alianguka. Sauti ileile. Waliokuwa mle wakajibana ukutani, mmoja akasema msimguse, hicho ni kifafa, na mlango ukajaa migongo inayotoka. Mwalimu Mbwana alijaribu kupiga magoti, magoti yakakataa. Daktari peke yake alikuwa sakafuni, amemlaza kaka ubavu, anasogeza viti kwa mguu. “Kijana. Njoo ushike kichwa kisigonge.” Nilitazama povu. Nilitazama kama kuna kinu cha kupanda. Halafu nikaenda. Niliketi sakafuni nikakiweka kile kichwa mapajani, kwenye paja lilelile, kikawa kinagonga, kinagonga, kizito kuliko nilivyodhani kichwa kinaweza kuwa. Mate yake yakalowesha shati langu la shule. Hakuna kilichonipata. Ni joto tu, kama mate ya mtu yeyote.

Kaka yupo, niwatoe hofu. Anauza viatu vya mitumba, anameza kidonge kila jioni, na tangu siku ile hajavaa glavu. Kuanguka kumepungua, kusahau hakujapungua. Msibani Nalasi ndugu wa marehemu walimpa kamba ya kuruka ya Mwalimu, akaipokea kwa mikono miwili, na ndani ya basi akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia. Baada ya kituo kimoja akaniuliza tena. Nilimjibu mara zote alizouliza, na sikuongeza kachumbari. Ninachoogopa sasa si povu. Naogopa siku nitakayomwona anainua kidole kuelekea puani kisha kitue shavuni.

Jioni ya Jumapili ile, hospitali, daktari alinikalisha kwenye benchi la korido. Hakunigombeza, na ningeshukuru angenigombeza. Aliniuliza jambo moja: kabla ya leo ameanguka mara ngapi? Nikasema sijui. Akasema kwamba akijua idadi na namna alivyoanguka atajua ni madhara ya muda mrefu au ya leo tu, na atajua dawa ipi ampe na nguvu gani, asipojua atakuwa anakisia ndani ya kichwa cha mtu. “Fikiri,” akasema. “Nitakuwa ofisini kwangu.” Akaondoka, viatu mkononi bado.

Mama akaja na kapu. Aliingia kwanza wodini, akakaa huko muda, akatoka, akaketi pembeni yangu. Nikamwambia yote. Nilianza na kinu, nikamwambia na mkono na uongo wa sufuria, nikamwambia wale akina mama wa kuni niliowaambia amelewa, nesi, paja, kamba, mpaka ile ya njaa. Nilikuwa nalia huku nikisimulia vizuri, ni tabia mbaya niliyo nayo. Nikamwambia kwamba daktari anataka kujua ni mara ngapi, na kwamba naogopa nikisema mbili watajua tulijua. Mama alikuwa akifungua kapu taratibu. Akatoa sufuria ya ugali iliyofunikwa kwa kitambaa, usipa, na kile kikombe cha bati chenye mdomo wa bluu. Akakijaza maji ya jagi la wodi, akaninawisha mikono, kisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akakijaza tena akanipa kikombe hicho ninywe. Nilikunywa. Nikawaza kisima, nikawaza kigoda kilichohamishiwa mlangoni, nikawaza ule ukuta wetu usiofika juu. Mama akasubiri nimeze, akasema:

“Kula upesi, Festo, twende kwa daktari. Tutamwambia ni mara tano. Mbili zako, tatu zangu.”